Pikapu gani ya kusukumia theluji? Fungua mlango kwanza, boneti baadaye

Msomaji anayeishi Brooklyn Park, Minnesota, ameniandikia hivi: "Shikamoo fundi. Huu ni msimu wangu wa nne wa baridi huku. Kiangazi nakata nyasi za watu, na sasa wateja wangu kumi na mmoja wameniomba niwasafishie theluji kwenye njia za magari majumbani kwao. Kanisa letu nalo linataka nisafishe maegesho, ni ya magari kama arobaini. Nimeonyeshwa pikapu mbili. Ya kwanza ni ya nusu tani, ya mwaka 2012, milango minne, ndani safi kama sebule, imefungwa plau (lile bamba la kusukumia theluji) ya futi 8, wanataka dola 11,500. Ya pili ni ya robo tatu tani, ya 2011, kabini moja, V8 ya petroli, maili 158,000, kwa nje imechoka, nayo ina plau, dola 12,800. Mke wangu anasema tufunge plau kwenye RAV4 yetu tuachane na mikopo. Nichukue ipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Nikujibu kwanza halafu nieleze: achana na ile yenye sebule, kaipime ile iliyochoka. Na maegesho ya kanisa usiyaguse msimu huu, hata mchungaji akikuombea dua.

Shemeji ana haki ya kuogopa mkopo, ila RAV4 haitufai. Gari hilo halina chasisi. Bodi lenyewe ndilo chasisi, bati lililokunjwa na kuchomelewa kwa ustadi ili libebe familia na mizigo ya sokoni. Plau ya kazi inataka vyuma viwili vinene vya chasisi pa kufungia miguu yake. Mwambie RAV4 iendelee kumpeleka kazini, kwa sababu kuna asubuhi pikapu yako itagoma na gari hilo ndilo litakalokuokoa.

Sasa tuje kwenye pikapu. Haya majina ya nusu tani, robo tatu na tani moja ni ya zamani, siku hizi hayaelezi mzigo halisi, ni madaraja tu. F-150, Silverado 1500 na Ram 1500 ndiyo nusu tani. F-250 na zile zenye namba 2500 ndiyo robo tatu. F-350 na 3500 ni tani moja. Wauzaji watakuimbia habari za injini, farasi mia tatu na kitu, na fowili, yaani injini kuzungusha magurudumu yote manne. Yote hayo ni mazuri, lakini swali la plau halianzii kwenye injini. Linaanzia kwenye ekseli ya mbele: inaruhusiwa kubeba kiasi gani, na gari likiwa tupu tayari imebeba kiasi gani?

Jibu la nusu ya kwanza limebandikwa mlangoni. Fungua mlango wa dereva, tazama ile nguzo unapofungia mlango. Kuna kibandiko chenye herufi GAWR, na pembeni yake FRT au FRONT. Hiyo ndiyo namba ya ekseli ya mbele, kwa ratili, yaani zile pauni za uzito wanazotumia Wamarekani. Kwenye nusu tani nyingi utakuta kitu kama 3,750. Kwenye robo tatu utakuta kati ya 4,800 na 6,000.

Utasema, "Fundi, plau ina ratili 750 tu. Mbona hata nusu tani inaweza?" Hapo ndipo watu wengi wanapokwama, na mimi nilikwama papo hapo. Umewahi kusukuma mkokoteni Kariakoo? Ukipanga magunia yote mbele ya ekseli, mikono ya mkokoteni inakunyanyua wewe. Unabaki unaning'inia miguu hewani, na magurudumu yanabeba magunia pamoja na wewe juu yake. Plau iliyoinuliwa inalifanya gari hivyo hivyo. Haikai juu ya ekseli, inaning'inia mbele yake, kwa hiyo inaikandamiza ekseli ya mbele huku ikiinyanyua ya nyuma, na kile kilichonyanyuliwa nyuma kinahamia mbele.

Chukua kalamu. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 145, na kitovu cha uzito wa plau kiko inchi 60 mbele ya ekseli ya mbele. Zidisha 750 kwa 60, gawanya kwa 145, unapata kama 310. Hizo ndizo ratili zinazotolewa nyuma na kupelekwa mbele. Kwa hiyo plau ya ratili 750 inaiwekea ekseli ya mbele ratili 1,060. Pikapu ya nusu tani yenye milango minne ikiwa tupu huwa na takriban ratili 3,000 mbele. Weka dereva na takataka zake, 150. Jumla ni 4,210. Kibandiko kinasema 3,750. Umevuka kwa ratili 460, na bado hujasukuma hata punje ya theluji. Hapo gari liko barabarani tu, plau juu, likiruka mashimo.

Ile ya robo tatu yenye kabini moja, tuseme ina ratili 3,500 mbele na kibandiko cha 4,800. Hesabu ileile inakupa kama 4,700. Imebana, lakini imepita. Ikiwa kibandiko kinasema 6,000, pumua.

Mimi somo hili nililinunua kwa pesa. Mwaka wangu wa pili huku nilichukua pikapu ya nusu tani kwenye yadi moja, jina silitaji, muuzaji akaniambia kwa kuwa ni fowili itabeba chochote. Nilikuwa fundi wa magari tangu Moshi, nimeshusha injini za malori, na sikufungua mlango kusoma kibandiko. Mwezi wa Februari, saa kumi alfajiri, baridi nyuzi 22 chini ya sifuri, natoka kwa mteja wa nne naingia kwenye shimo dogo tu ambalo nimelipita mara hamsini. Nikasikia mlio kama mtu amevunja mwiko. Boljointi ya kushoto, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu la mbele, ilikatika, gurudumu likalala nje kama mguu wa meza uliong'oka, bamba la plau likashuka na kujichimbia lamini. Nilikaa mle saa tatu nikisubiri gari la kuvuta, simu zinaita, kila mteja anauliza uko wapi. Wawili hawakurudi tena. Boljointi ilikuwa bei ya chakula cha mchana cha watu wanne. Wateja wale wawili ndio waliokuwa hasara.

Kuna watakaokuambia ongeza springi, au weka mipira ya kusaidia springi, au inua mbele kidogo ili gari lisiiname. Vitu hivyo vinaondoa kuinama, namba ya mlangoni vinaiacha palepale. Boljointi, habu, bearingi na steringi ni vilevile. Ukiona nusu tani iliyoinuliwa mbele na imefungwa plau ya futi 8, mwenyewe aliona inainama akaamua kuficha.

Nisiwaonee wenye nusu tani. Zipo plau nyepesi za ratili 300 hadi 400 zilizotengenezwa kwa ajili yao, na mtu anayesafisha kwake na kwa mama mkwe anakaa nazo miaka bila tatizo. Tatizo linaanza pale unapolipwa, kwa sababu ukilipwa huwezi kusema leo theluji ni nzito nitakuja kesho.

Theluji yenyewe inadanganya macho. Chukua njia ya gari ya kawaida pale mtaani kwenu, futi 20 kwa 40, theluji ya inchi 6. Ikiwa ni ile kavu ya Januari, inayoruka kama unga wa muhogo, pale kuna chini kidogo ya tani moja. Ikiwa ni ya Machi, iliyolowa, inayoshikamana kama ugali, eneo lilelile linaweza kuwa na karibu tani tatu. Halafu gari la manispaa linapita barabarani na kukusukumia ukuta wa theluji pale mdomoni mwa njia, kitu kimechanganyika na barafu na chumvi, na kikilala usiku mmoja kinakuwa zege. Ule ukuta ndio unaovunja magari. Usiuvamie katikati kwa kasi. Uanze pembeni, umege vipande kwa nusu ya upana wa bamba. Kasi ya kusukuma isizidi maili 10 kwa saa. Vijana wanapenda kuingia na 25 ili theluji iruke kama kwenye video, kisha bamba linakuta kifuniko cha bomba la maji.

Kuhusu injini, chukua petroli. Najua wengi wetu tumelelewa kuamini dizeli ndiyo dume, na kwa kuvuta trela kutoka hapa hadi Texas sibishani nawe. Kwa plau ya majumbani dizeli inakuwekea mzigo pale pale tusipoutaka: injini ya Cummins, ile dizeli ya pikapu za Ram, peke yake ina takriban ratili 1,100, yote juu ya ekseli ya mbele. Hesabu yako ya kibandiko inaliwa kabla hujafunga plau. Tena dizeli inataka kuchomekwa umeme usiku ili iwake asubuhi, mafuta yake huganda baridi ikizidi, na hizi za kisasa zina chujio la moshi lisilopenda safari fupi fupi na kusimama simama, na kazi yako yote ni kusimama simama.

Kabini moja ni neema. Najua haipendezi kwenda nayo harusini. Lakini ni nyepesi, unaona nyuma vizuri, na inakata kona kwenye njia ambazo pikapu ya milango minne yenye sehemu ndefu ya mizigo inabidi irudi nyuma mara tatu. Ndiyo maana utaona wazee wengi wa kazi hii wanang'ang'ania Jeep Wrangler kuukuu kwa nyumba za mjini. Ile haibebi plau kubwa, ila inageuka pale pale kama bajaji.

Mafundi wanabishana pia kuhusu ekseli ngumu. Ford F-250 na Ram 2500 za fowili zina ekseli ya kipande kimoja mbele. Za General Motors kila gurudumu linajitegemea. Ekseli ngumu haijali sana mzigo wa plau, na kurekebisha ni rahisi. Ya GM inakwenda laini zaidi barabarani, lakini inainama zaidi plau ikiwa juu na inataka springi zake za mbele, zile torsheni, zikazwe vizuri. Mimi napendelea ekseli ngumu, ila siwezi kukuambia ukatae gari zuri kwa sababu hiyo. Cha maana zaidi ni kama gari lilitoka kiwandani na maandalizi ya plau: springi nzito mbele, alteneta kubwa, mara nyingi na kipoza oili cha gia boksi. Kwa magari ya GM hutafuta herufi VYU kwenye orodha ya vifaa vya gari. Ukizikuta, ongeza dola mia kadhaa bila kunung'unika.

Alteneta nimeitaja makusudi. Pampu ya haidroliki ya plau inakunywa umeme mwingi sana. Saa tisa usiku una taa zote, hita iko mwisho, waipa zinafanya kazi, na kila dakika unainua na kushusha bamba. Betri ya bei rahisi itakuacha katikati ya uwanja wa mtu. Weka betri yenye nguvu kubwa ya kuwasha gari kwenye baridi na usafishe nyaya za hasi; nusu ya "pampu mbovu" nilizoletewa zilikuwa waya wa hasi ulioota kutu.

Plau sasa. Upana wake usiupime ukiwa umenyooka. Bamba la futi 7 na nusu ukiligeuza upande kwa nyuzi 30, njia linayofungua inabaki futi 6 na nusu. Upana wa tairi zako kutoka nje hadi nje unakaribia huo huo. Maana yake tairi zitakanyaga ukingo wa theluji uliyoiacha, utaigandamiza iwe barafu, na mteja atapiga simu. Kwa pikapu kamili nenda futi 8. Usihangaike na ile ya umbo la V mwaka huu. Ni nzuri kwa kupasua marundo na kukusanya theluji kwenye viwanja, lakini ni nzito zaidi na ina bawaba na silinda za ziada za kukutoa jasho.

Angalia pia bamba linajikunja vipi likigonga kitu. Aina moja bamba zima linainamia mbele. Nyingine ni kile kisu cha chini tu kinachojikunja. Fisher, kampuni iliyoanzia Rockland, Maine, inajulikana kwa hiyo ya pili. Ukisukuma rundo zito, bamba zima likiinama linamwaga theluji yote uliyokusanya. Kisu kikijikunja, theluji inabaki. Western na Boss nazo ni za kuaminika, na jambo kubwa kwa mtu anayeanza ni duka la vipuri lililo karibu. Ulizia nani anauza vipuri vya chapa hiyo ndani ya nusu saa kutoka kwako. Bomba la haidroliki hupasuka saa kumi usiku, na plau bora duniani isiyo na bomba ni chuma chakavu tu. Bomba moja la akiba na galoni ya mafuta ya haidroliki viwe nyuma ya kiti daima.

Na onyo: miguu ya kufungia plau hutengenezwa kwa modeli maalumu ya gari. Usishawishike kununua plau ya dola 1,500 mtandaoni ukidhani utaifunga kwenye gari lolote. Utanunua miguu mingine, nyaya nyingine, na fundi wa kuzifunga, na ukijumlisha utajuta. Gari lililokwisha kufungwa plau yake ni afadhali, ila lina ugonjwa wake: limeshapigwa. Kwa hiyo ile ya 2011 ikague kama unayekagua ng'ombe wa mahari.

Nenda mchana, ukiwa na futi ya kupimia na tochi, na umwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Plau ikiwa chini, pima kutoka ukingo wa fenda ya mbele hadi ardhini, juu ya kitovu cha gurudumu. Inua plau, pima tena. Kushuka kidogo ni lazima. Ikishuka zaidi ya inchi 2 mimi huanza kuwa na wasiwasi na springi. Kisha lala chini. Huku Minnesota chumvi inakula gari kutoka chini, na mwenye gari anapaka rangi nyeusi juu ya kutu mwezi mmoja kabla ya kuuza. Chukua bisibisi, gonga chasisi pale miguu ya plau ilipofungwa na pale springi za nyuma zinaposhikilia. Inatakiwa ilie kama kengele. Ikilia kama boksi, au bisibisi ikazama, nyanyuka, shukuru, ondoka. Angalia nyufa zinazotoka kwenye matundu ya bolti. Fuata mabomba ya breki kutoka mbele hadi nyuma kwa kidole. Yakikwaruza kama gome la mwembe, weka gharama ya kuyabadilisha kwenye bei.

Piga jeki mbele, shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, boljointi au bearingi. Shika kushoto na kulia. Likicheza, ni tairodi. Vuta kijiti cha oili ya gia boksi kama kipo, au mwambie fundi akuangalizie. Inatakiwa iwe nyekundu. Ikiwa kahawia na inanuka kama mkate ulioungua, gia boksi imeshachoka hata kama leo inaingia vizuri. Weka fowili, ya juu na ya chini, zote mbili, na uende nayo kwenye majani au changarawe, siyo lami kavu. Washa taa za plau, kwani za gari zitafunikwa na bamba. Mwisho washa hita. Unacheka, lakini gari lisilo na hita huku halifai hata kwa bure.

Ukimaliza, mwombe muuzaji mpitie kwenye mizani ya malori. Vituo vingi vya malori kwenye barabara kuu vina mizani ya CAT Scale, na kwa chini ya dola 20 wanakupa karatasi yenye uzito wa kila ekseli. Pima plau ikiwa juu, wewe ndani. Namba ya ekseli ya mbele ilinganishe na kibandiko cha mlangoni. Hapo hesabu zangu zote za juu unaweza kuzitupa, maana una ukweli mkononi.

Ukishanunua, weka uzito nyuma. Mifuko saba ya mchanga ya ratili 60, nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma, imefungwa isiweze kuruka mbele ukigonga kitu. Ikikaa inchi 40 nyuma ya ekseli, mkokoteni unageuka upande wako: inaipunguzia ekseli ya mbele kama ratili 115 na kuzirudishia tairi za nyuma nguvu ya kushika. Tairi ziwe za daraja E zenye alama ya mlima na chembe ya theluji.

Gia boksi ndiyo itakayokutajirisha au kukufilisi. Hesabu: nyumba kumi na moja, kila moja unakwenda mbele na nyuma mara ishirini. Ni mara zaidi ya mia mbili kwa usiku mmoja unabadilisha kutoka D kwenda R. Ukiibadilisha gari likiwa bado linatembea, kila mara unakula kipande cha gia boksi. Simama kabisa. Sema "bismillahi" au "haleluya", upendavyo, ndipo uingize. Theluji ikiwa nzito tumia fowili ya chini, gia boksi inapoa. Ukiwa safarini kati ya wateja usiinue bamba hadi juu likaziba rejeta. Lishushe hadi mahali salama na uligeuze upande ili hewa ipite, na usizidi maili 45. Nimeona injini ikichemka katika baridi ya kugandisha mate, mwenyewe haamini.

Maegesho ya kanisa. Pikapu inaweza kusukuma theluji ya magari arobaini, shida ni kuiweka wapi. Mara ya kwanza unairundika pembeni, ya pili juu yake, ya tano huna tena pembeni. Kazi ile ni ya Bobcat, inayonyanyua na kurundika juu. Mashine hiyo ni ya kwenu kabisa: ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller wa Rothsay, Minnesota, waliitengeneza ya kwanza mwaka 1957 kwa mfugaji wa batamzinga aliyetaka kitu kidogo cha kusafishia banda. Mwambie mchungaji akodi mtu mwenye nayo, na wewe uchukue ngazi na vijia vya miguu kwa koleo na mashine ndogo ya kurusha theluji. Ni pesa ndogo, lakini haivunji boljointi.

Kabla ya theluji ya kwanza, zungumza na wakala wa bima. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haigusi kusukuma theluji kwa malipo, na mtu akiteleza kwenye njia uliyosafisha wewe, anaweza kukushtaki wewe. Na usisukume theluji ya mteja ukaiacha juu ya barabara ya umma au kando yake. Sheria ya Minnesota inakataza. Jipange mapema pia. Wenyeji bado wanahadithia dhoruba ya Oktoba 31, 1991, iliyomwaga inchi 28.4 hapa Minneapolis kabla watu hawajatoa makoti kabatini.

Mkopo je? Msimu wa 2022–23 uwanja wa ndege wa Minneapolis na St. Paul ulipima inchi 90.3 za theluji. Msimu uliofuata haukufika 30. Waliokopa gari jipya wakitegemea kulipwa kwa kila safari, ule mwaka wa pili walilipa marejesho kwa pesa ya nyasi. Kwa hiyo nusu ya wateja wako waombe walipe kwa msimu mzima, nusu kwa kila safari, na ile tofauti ya dola 1,300 kati ya pikapu zako mbili isikutishe.

Jumamosi nenda na futi na tochi. Nipigie picha kibandiko cha mlangoni, chasisi pale miguu ya plau ilipofungwa, na karatasi ya mizani. Ekseli ya mbele ikiwa chini ya kibandiko hata kwa ratili 50 na bisibisi haijazama, anzia dola 11,000, na usimwonyeshe kwamba umeipenda.